Chumba kina kuta tano na moja imekatwa mshazari: sofa za vipande nizipangeje watu tisa waone TV?

Pembe_Tano

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kwa upana, hili jambo limenisumbua kama miezi miwili sasa na hela yenyewe ni ya kujinyima, sitaki niiweke pabaya.

Nimejenga Goba, Dar, kiwanja kimekaa kwenye makutano ya njia mbili kwa hiyo hakikutoka mraba, upande mmoja kimekatwa mshazari na ramani ya nyumba ikabidi ifuate humohumo. Chini hamna shida ila juu kimebaki chumba kimoja cha kuta tano na ndo nataka kiwe chumba cha sinema cha familia. Nimepima na futi kamba mara mbili: ukuta wa mbele ambao TV itakaa ni mita 4.2, ukuta wa kushoto umenyooka mita 6 mpaka nyuma, wa kulia umenyooka mita 3.6 tu halafu unakatika kuingia ndani kama mita 3.3 hivi, kwa hiyo ukuta wa nyuma umebaki mita 1.9. Ukikiangalia kwa juu ni kama bahasha iliyokunjwa kona moja. Dirisha liko kwenye huo mshazari, mlango uko ukuta wa kulia karibu kabisa na pale mshazari unapoanzia, af kuna nguzo ya zege ukuta wa kushoto, mita 2.5 kutoka mbele, imetokeza sm 30.

TV inchi 75 nshanunua iko kwenye boksi lake. Watu ni tisa siku tukikamilika: mimi na mke wangu, mama yangu ambaye anaumwa magoti, watoto watatu, wadogo zangu wawili na shemeji. Jumapili ndo siku yetu, na AFCON 2027 tumepewa sisi na Kenya na Uganda kuandaa kwa hiyo hiki chumba lazima kiwe tayari mapema kabla ya hapo.

Nimeona sofa za vipande, zile unanunua kimojakimoja unaunganisha unavyotaka, nikaona hizi ndo za chumba kama changu. Dukani nilipoenda nikaonyesha mchoro wangu wakanishauri nichukue L kubwa ikae kona ya nyuma ifuate ukuta wa kushoto na huo mshazari. Roho yangu haijakubali ila sina sababu ya kuwajibu. Bajeti ni milioni tatu na nusu, nikikaza naweza kufika nne. Ngazi zangu ni nyembamba na zina kona, mlango wa chumba ni sm 80.

Naomba kuwasilisha.

---

Mama_Zawadi

Kaka roho yako inakwambia kweli, usinunue hiyo L.

Sisi tulinunua ya namna hiyo na chumba chetu ni cha kawaida tu cha mraba, bado tulijuta. Kipande cha kona kila mtu anakitaka siku ya kwanza maana kinaonekana kipana, ukikaa pale nusu saa unagundua mwili unaangalia huku na TV iko kule, shingo inakaa imepinda muda wote. Mume wangu alikuwa anaamka asubuhi anashika shingo hatukujua ni nini. Siku hizi ile kona tunawekea blanketi na mito, hakai mtu.

Na kwako ni zaidi, maana kipande cha kona wanatengeneza cha pembe mraba na ukuta wako hapo haukukunjika mraba umekunjika kwa kutanuka, ukisukuma hiyo L ikae, nyuma yake panabaki pembe tatu tupu ambayo hata ufagio haufiki vizuri. Utakuwa umelipia sofa na umepoteza chumba.

Kitu kingine uwe nacho makini ukija kuagiza kokote, mkubaliane "kulia" ni kulia kwa nani. Mimi niliagiza mkono mrefu uwe kulia, nikimaanisha kulia nikiwa nimekaa, wao wakaandika kulia ukiwa umesimama unaliangalia sofa kwa mbele. Likaja limegeuka, mkono mrefu ukaziba mlango wa kwenda jikoni. Hawakurudisha hela. Chora, andika MLANGO HUKU, TV HUKU, mpige picha wote wawili mmeshika karatasi.

---

Seremala_Keko

Mkuu Pembe_Tano, nimesoma vipimo vyako nikavichora kwenye ubao hapa kazini. Nashona na kuunda sofa mwaka wa kumi na sita huu, acha nikwambie ninavyoona, itakuwa ndefu nivumilie.

Kosa ambalo watu wengi wanalileta kwangu ni kwamba wanapima kuta halafu wanataka viti vifuate kuta. Sebule ya wageni sawa, watu wanaangaliana. Chumba cha kuangalia TV viti vinafuata skrini, ukuta uache ukae unavyotaka. Ukishakubali hilo chumba chako hakina tatizo kubwa kama unavyodhani, maana mita 3.6 za mbele ni mraba safi, mshazari unaanza baada ya hapo.

Anza na umbali. TV ya inchi 75 kutoka kona hadi kona ni kama sm 190. Watu wa sinema wanahesabu hivi: ukitaka picha ikujae macho kama uko ukumbini unakaa mara 1.2 ya hicho kipimo, ukitaka utulivu wa kawaida mara 1.6. Kwako inakuja mita 2.3 mpaka mita 3 kutoka kioo cha TV hadi JICHO la mtu, sio hadi mgongo wa sofa, hapo wengi wanakosea. Weka jicho kwenye mita 2.8. Mgongo wa sofa utaangukia kama mita 3.15. Umeona? Safu yako ya kwanza yote imeishia kabla mshazari haujaanza, huo ukuta uliokuwa unakunyima usingizi haujaigusa.

Sasa upana. Vipande vitatu visivyo na mikono vya sm 80 kila kimoja, ni 240, weka mikono miwili ya pembeni ya sm 20, jumla mita 2.8. Ukuta wako ni 4.2. Usiweke katikati. Sogeza kushoto, acha sm 40 upande wa nguzo (nguzo imetokeza 30 kwa hiyo inapita bila kugusa kitambaa) na upande wa mlango ibaki mita nzima ya kupita watu. Halafu TV nayo usiitundike katikati ya ukuta, itundike katikati ya SOFA, yaani mita 1.8 kutoka ukuta wa kushoto. Macho yatakataa siku mbili za kwanza, ukizima taa utasahau kabisa kama haiko katikati.

Safu ya pili ndo penye kazi. Watu wanakimbilia kujenga jukwaa la mbao nyuma halafu wanaweka sofa lingine juu. Fanya jaribio hili kabla hujanunua hata msumari mmoja: mtu mmoja akae mbele, mwingine akae nyuma, funga uzi kwenye ukingo wa chini wa TV uuvute hadi kwenye jicho la mtu wa nyuma. Uzi ukigusa kichwa cha wa mbele basi yule wa nyuma hasomi maandishi ya tafsiri yanayopita chini. Mimi nimekupigia hesabu, mtu mzima akikaa kwenye sofa utosi wake unafika kama sm 117 na jicho sm 107. Safu ya pili ya sofa ukiiweka jicho liwe mita 4.6, hata ukipandisha TV ukingo wake wa chini uwe sm 75 kutoka chini, bado jukwaa linatakiwa lipande karibu sm 40. Hiyo ni ngazi mbili, kwenye chumba cha nyumbani, gizani, na mama anaumwa magoti. Hapana.

Badala yake fanya kaunta. Nyuma ya mgongo wa sofa simamisha ubao mwembamba, upana sm 30, urefu wa kwenda juu sm 90, nyuma yake weka stuli tatu ndefu zenye kiti cha sm 65, ziwe na egemeo la mgongo na sehemu ya kukanyagia miguu. Mtu akikaa pale jicho linafika kama mita 1.4 na umbali wake unakuwa mita 3.8 tu, uzi unapita juu ya vichwa vyote vya mbele bila kugusa hata unywele. Wadogo zako wawili na shemeji hapo ndo kwao, na wana pa kuweka soda na sahani ya mihogo. Hujajenga jukwaa, na huko nyuma chumba kinapokuwa chembamba hujaweka kiti chochote, panabaki pa kabati na vitu vya watoto.

Kuhusu ngazi zako, kipande cha sm 80 kwa 95 kikilazwa kwa ubavu na kuzungushwa, mgongo ukitangulia, kinapita mlango wa 80 bila kuumiza mtu. Sofa la watu watatu lililoungwa moja kwa moja kwenye ngazi yenye kona ni kazi ya kung'oa mlango.

---

Pembe_Tano

Fundi nimeishiwa maneno, asante sana. Na dada Mama_Zawadi asante kwa hilo la kulia kwa nani, ningeingia mkenge.

Niulize mawili. Moja, mama nilitaka nimwekee rikilaina, ile inayofunguka miguu inyooke, je inaweza kuwa kipande kimojawapo kati ya vile vitatu? Pili, sofa nijue vipi ni imara, maana zote dukani ukibonyeza zinaonekana nzuri.

---

Seremala_Keko

Inaweza lakini iagizwe pamoja na wenzake siku moja kwa fundi mmoja, ukija kuinunua baadaye peke yake kimo cha kiti na mgongo havitalingana na mapengo yatakuwa yanamfinya mtu. Rikilaina ikifunguka yote inachukua kama mita 1.65 hadi 1.7 kutoka mgongoni mpaka nyayo, mbele unayo nafasi ya kutosha. Angalizo ni nyuma, nyingi zinalala kurudi nyuma sm 30 au zaidi na wewe nyuma kuna kaunta, kwa hiyo tafuta ile ambayo kiti kinateleza kwenda mbele wakati mgongo unalala, yenyewe inahitaji sm 10 mpaka 15 tu. Iweke kipande cha mwisho upande wa mlango mama asivuke miguu ya watu.

Ya umeme au ya mkono? Kwa mtu wa magoti ya umeme inasaidia, hasukumi kwa miguu kuifunga, ila umeme ukikatika akiwa amelala anabaki hivyohivyo miguu juu. Zipo ambazo kibadili umeme chake kina nafasi ya betri mbili ndogo za volti 9 za kumrudisha mtu akae. Kama haina hiyo usinunue. Na soketi yake ipitishwe kabla hujaweka zulia, waya usipite njia ya watu.

Uimara. Kubonyeza kwa kidole hakukwambii kitu, sponji nyepesi nayo ikiwa mpya inarudi vizuri, baada ya miezi sita ndo unaanza kukaa kwenye ubao. Ipime kwa mizani. Sponji ya kukalia inatakiwa iwe kilo 30 mpaka 35 kwa mita moja ya ujazo, ya mgongo 20 hadi 25 inatosha. Mwambie fundi akuoneshe sponji ya kiti kimoja KABLA haijavikwa, tuseme ni sm 60 kwa 60 na unene 12, iweke kwenye mizani ya duka la jirani, ikifika kilo moja na robo tatu... samahani nimeandika haraka, ikifika kilo 1.3 hivi uko kwenye 30, ikifika 1.5 ni 35. Ikiwa gramu 700 ondoka, hata akikuapia.

Mbao nayo, fremu nyingi za bei ya kati ni paini au mkaratusi, hazina ubaya kama zimekauka. Mbao mbichi inajikunja ndani ya sofa na vipande vyako havitakutana tena vizuri. Geuza kipande juu chini uone. Ukikuta vumbi laini kama unga chini ya tundu dogo, hapo bungua kashaingia. Sikulazimishi mninga, mninga ni mzito na bei yake utaniuliza, lakini dai mbao iliyokauka na kupakwa dawa ya mchwa.

---

Bi_Shangani

Assalam alaykum jamaa. Mimi niko Unguja, Mji Mkongwe, nimeona nichangie kwa sababu sisi huku vyumba visivyo vya kawaida ndio tulivyozaliwa navyo.

Nyumba zetu za zamani chumba kimefinyika upana kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake haizidi, kwa hiyo chumba kinakuwa chembamba kama ushoroba na kirefu. Cha kwetu cha juu ni mita 2.6 kwa 7 na kuta hazikunyooka hata kidogo, unene huku sm 48 kule sm 55, za mawe na chokaa. Kaka yangu alipotaka chumba cha kuangalia filamu alileta sofa la watatu. Ngazi zetu zasimama kama za mnarani. Halikupita. Likatolewa nje, likafungwa kamba, likapandishwa kwa dirishani na vijana wanne juu wawili chini, mimi nimesimama barazani nasoma dua, mguu mmoja wa sofa ukakwaruza ukuta chokaa ikamwagika kama mvua. Likaingia. Kisha halikukaa, lilipowekwa likaacha njia ya kupita ya sm 30, mtu akienda msalani wote tusimame.

Likauzwa. Tukachukua vipande vya mtu mmoja vya sm 70, visivyo na mikono, viwili mbele viwili nyuma, njia ya kupita upande mmoja yote. Wageni wakija tunavitawanya vinakuwa vinne mbalimbali, Ramadhani tunavirundika pembeni tunatandika mikeka. Hapo ndipo nilipoyapenda haya mambo ya vipande, si kwa uzuri wake ni kwa kuwa chumba kinabadilika nawe.

La kwangu kwako ni haya mawili. Kwanza unyevu. Dar na Unguja hewa ni moja, ile ngozi ya bandia inaanza kubanduka magamba pale penye kichwa na mikono kabla hujaizoea, na mtu mwenye jasho anagandana nayo. Chukua kitambaa, na kila kipande kiwe na foronya yenye zipu inayovuliwa yote ukafua. Nunua na mita nne za ziada za kitambaa hichohicho uweke kabatini, rangi ile hutaipata tena.

Pili sakafu. Kama umetia vigae, vipande vitatembea. Ukikaa kwa nguvu cha katikati kinarudi nyuma na makalio yanaingia kwenye ufa. Fundi akutilie vile vishikizo vya chuma chini, kimoja kina ulimi kingine kina mdomo, unanyanyua kidogo unashusha kinakamata. Na miguu aivalishe mpira.

---

Pembe_Tano

Waalaykum salaam bibi, nimecheka na kusikitika hapohapo kwa hilo sofa la dirishani. Vigae ndivyo nilivyoweka, nimeandika vishikizo na mpira kwenye karatasi yangu.

Bado watoto watatu hawana pa kukaa. Nilifikiria pufu tatu, vile viti laini visivyo na mgongo, mbele ya sofa.

---

Umm_Salim_Maskati

Mwanangu niko Maskati, sisi huku chumba cha majlisi kila nyumba ipo na viti vyake ndo vipande vya asili hivyo, magodoro madogo ya chini yanapangwa kuzunguka ukuta na mito ya kuegemea, chumba kiwe na umbo lolote yanakaa. Lakini majlisi imetengenezwa watu waonane nyuso, ukiitumia nzima kwa TV wa pembeni wote wanageuza shingo kama alivyosema yule dada wa kona. Tulijaribu, wazee wakahamia chumba kingine.

Ila kwa watoto chukua magodoro yake tu. Usiwape pufu. Pufu ina kimo, mtoto wa miaka kumi akikaa juu yake kichwa chake kinamziba bibi yake aliye nyuma. Godoro la sm 15 chini, juu ya zulia, mto mgongoni wakiegemea sofa au wakilala kifudifudi, hawamzibi mtu na hawaanguki. Asubuhi yanasimamishwa ukutani chumba kinabaki kitupu. Mshonee kila mtoto rangi yake yasiwe na ugomvi.

---

Seremala_Keko

Umm Salim amemaliza. Nimepiga hesabu ya uzi sasa hv, kwa jicho la mtu wa sofa la sm 107 na TV ukingo wa chini 75, pale watoto watakapokaa kama mita 1.9 kutoka TV uzi unapita sm 97 hivi kutoka chini. Mtoto kwenye pufu anagusa, kwenye godoro hagusi.

---

Mzee_wa_Spika

Naongezea la sauti maana naona wote mko kwenye macho.

Mkuu ule mshazari unaouchukia kwenye sauti ni rafiki yako. Chumba chenye kuta mbili zinazotazamana sambamba sauti inakuwa inarushwa huku na huku kama mpira wa pingpong. Ingia chumbani kikiwa kitupu simama mbele pale mita 1 kutoka TV upige kofi moja, utasikia kama tatatata fupi. Kisha rudi nyuma kwenye mshazari upige tena, itakuwa imepungua. Mbele ndo utie zulia nene na pazia zito, sio nyuma. Dirishani pazia zito lazima kwa ajili ya mwanga vilevile, jua likiingia litapiga kwenye kioo cha TV.

Viti visigusane na ukuta wa nyuma, besi inajaa pale inakuwa mvumo tu, mpango wa fundi umeacha nyuma karibu mita mbili kwa hiyo umesalimika. Spika mbili za pembeni ziwe nyuzi 110 kutoka mbele ya mkaaji, yaani pembeni yake na kurudi nyuma kidogo, ya kushoto inapata ukuta ila ya kulia mlango na mshazari vipo hapo, usiitundike juu ya mlango kwa kulazimisha, iweke kwenye stendi. Jambo la mwisho ambalo linahusu kiti chenyewe, mgongo wa sofa usipande juu ya masikio. Yale ya mgongo mrefu wenye masikio ya pembeni yanaziba sauti ya nyuma yote, umenunua spika tano unasikia tatu.

---

Pembe_Tano

Wakuu narudi na mrejesho. Jumamosi nilienda dukani kwa jirani nikaomba maboksi matupu ya maji na ya sabuni, nikanunua ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, tukakichora chumba kizima sakafuni na mke wangu. Sofa tukaliwekea tepu, vipande vitatu na mikono, maboksi tukayapanga kimo cha kiti sm 42 na mgongo 85. TV nikachora ukutani kwa tepu hiyohiyo, ukingo wa chini sm 75. Kaunta nikaweka ubao juu ya ndoo mbili za rangi zilizopandana kila upande.

Familia yote nikaiita juu. Uzi nikaushika mimi mwenyewe, mdogo wangu akakaa kwenye stuli tuliyoazima kwa jirani mwenye grosari. Ukapita. Ulipita juu ya kichwa cha mke wangu kama kiganja kimoja hivi na yeye ana kilemba. Mlango unafunguka wote haugusi mkono wa sofa.

Ila limejitokeza moja ambalo nisingelijua bila maboksi. Mama alikaa kwenye kipande chake cha mwisho upande wa mlango, akakaa vizuri, nikamwambia sasa simama mama. Akashika boksi la pembeni likabonyea, akajaribu mara mbili, mara ya tatu mtoto wangu mkubwa akamshika mkono. Hakusema kitu akacheka tu akasema nimezeeka. Mi nimelala nalo usiku kucha. Nikaongeza boksi moja chini mpaka kiti kikawa sm 48, akasimama mwenyewe kwa kushika mkono wa kulia tu.

Sasa fundi, nikipandisha cha mama peke yake hakitalingana na vingine viwili? Na kichwa chake hakitawaziba wa stuli?

---

Seremala_Keko

Hongera sana, umefanya kazi ambayo wateja wengi hawafanyi hata ukiwaomba.

Usipandishe fremu. Vipande vyote vitatu fremu moja kimo kimoja ili vishikizo vikutane. Cha mama tunafanya mambo mawili, miguu inabaki ileile ila sponji yake inakuwa nene zaidi na ngumu, sm 17 badala ya 12, kilo 35, kiti kinapanda hadi 47 kwa kuangalia na akikaa kinazama kidogo sana. Kina chake tunakipunguza, badala ya sm 60 za kukalia tunampa 50 kwa kuongeza mto mgongoni, maana kinachowashinda wazee kusimama sio kimo peke yake, ni magoti kubaki mbali na ukingo, mtu anakuwa kama anatoka shimoni. Na ule mkono wa kulia tuutie mbao ngumu juu, mninga hapo sawa kidogo tu, mviringo, usivikwe sponji laini, ashike kitu kinachoshikika, kimo sm 65 kutoka chini. Hayo yote ukifanya hata rikilaina unaweza kuiacha na hela ikaenda kwenye kaunta na stuli.

Kwa stuli usiwe na wasiwasi, kwa sm 5 alizopanda uzi bado unapita, lakini stuli ya nyuma yake usiiweke sawasawa na mgongo wake, zote tatu zisogeze nusu kiti kushoto, watu wanaangalia katikati ya vichwa.

Nikusaidie na kuagiza kwa awamu kama bajeti inabana. Anza na vipande vitatu na mikono miwili, na magodoro ya watoto ambayo hata mkeo anaweza kumpa mshonaji wa mtaani. Kaunta na stuli mwezi unaofuata. Fundi yeyote utakayempa, hapa Keko au huko huko Goba, mpe malipo ya awali ya mbao na sponji tu, iliyobaki umpe vipande vikiwa vimepanda ngazi na kukamatana sakafuni kwako, sio vikiwa kwake.

---

Mama_Zawadi

Kaka na kwenye mchoro andika mkono wa mbao ni wa upande wa MLANGO. Usiandike kulia.

---

Pembe_Tano

Nimeandika hivyohivyo dada, kwa kalamu nyekundu, na mama nimempiga picha amekaa kwenye maboksi mkono ukiwa pale pa kushika, naenda nayo kwa fundi Jumatano asubuhi.